Chembe Iliyokataa Majina Yote

Kwa Sarah Fundi Cherehani,
Nyamisangura,
Tarime, Mara.
16 Novemba 2025

Mpendwa mwanangu Wegesa,

Shikamoo yako imefika, na marahaba mara mbili: moja yangu mimi shangazi yako, nyingine ya bibi yako, ambaye amesema nisipoandika ya kwake atajua. Hujambo huko Ujerumani? Kifua chako kinasemaje na hiyo baridi? Unakula? Na usinijibu kwamba unakula mkate. Mkate ni kitafunwa, mwanangu, mtu mzima hali mkate akasema ameshiba. Ule unga wa muhogo na ulezi niliokufungia ulipokuja likizo najua umekwisha. Kama haujaisha basi una wadudu, utupe, nitakutumia mwingine.

Sisi huku ni wazima, Mungu anatuona. Mguu wa bibi yako unamsumbua akikaa sana, lakini mdomo hauna ugonjwa wowote. Baba yako mkubwa Simioni presha yake imeshuka tangu aache chumvi, au niseme tangu mkewe aifiche. Mimi niko na cherehani yangu, sare za shule zimenijaa mpaka kitandani. Wazazi wa Tarime mwaka mzima wako kimya, wakisikia Januari inapiga hodi ndipo wanakumbuka kwamba wana watoto.

Mvua za vuli zilichelewa, sasa zimekuja kwa hasira. Kule nyumbani Kenyamonta mahindi yamesimama vizuri, ila tembo walitoka hifadhini wakapita kwenye mihogo ya Simioni, wakala wakashiba, wakamwachia mavi. Bado anapiga kelele mpaka leo. Nilimwambia ashukuru hawakuingia jikoni.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua wakati simu ninayo. Ni amri ya bibi yako. Anasema jibu la jina la mtu haliendi kwa simu, maana mtandao ukikatika katikati, jina linabaki njiani. Nilicheka, halafu nikaenda kununua karatasi.

Kwanza asante, Wegesa. Niiseme mapema, maana mimi nikianza habari hata mwenyewe sijui nitaishia wapi. Asante kwa kuuliza. Ungeweza kuandika jina la baba yako kwenye karatasi za hao wazungu wako, sisi tukaja kusikia baadaye au tusisikie kabisa. Nani angekulaumu? Ni baba yako. Lakini wewe, na usomi wote huo, ulikaa chini ukaandika kwa mkono kuuliza kama nyumbani wanakubali. Watu wanasema kuuliza si ujinga. Mimi nasema kuuliza ni malezi. Nilipofika pale ulipoandika kwamba unaomba ruhusa ya bibi, nilisimamisha cherehani nikalia kidogo. Mteja aliyekuwa anasubiri sketi alidhani nimejichoma sindano, akanikimbilia na kitambaa.

Sasa nikueleze habari yako ilivyopokelewa, maana ilitangulia barua yenyewe. Wewe ulimpigia Felix, mtoto wa baba yako mkubwa, ukamwambia mmegundua madini mapya. Hapo ulikosea, mama. Huku kwetu neno madini ni kiberiti kwenye nyasi kavu. Jioni ile ile soko zima la Tarime lilijua kwamba Wegesa wa Heche amepata mgodi.

Jirani yangu Zuleha, yule wa duka la vitenge linalopakana na langu, alikuja na sahani ya kalimati kunipongeza. Akakaa, akatuliza pumzi, halafu akauliza kwa upole kama huko mgodini kwenu kutahitajika mtu wa kupikia wafanyakazi. Watu ambao hawajanisalimia tangu harusi ya Felix walianza kupita dukani kunijulia hali. Na Simioni! Simioni alinipigia simu, hata salamu hakuna: "Mwambie asisaini kitu! Asisaini chochote mpaka tufike! Aweke mipaka kwanza!" Unajua mambo ya ardhi na fidia yalivyowasumbua watu wa huku. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Barua yako ilipofika na ile picha, nilifunga duka nikaenda Kenyamonta kuwasomea. Tulikaa barazani kwa bibi yako: yeye, Simioni, Felix na mkewe na mtoto wao, na mimi. Kazi ya kwanza ikawa kuwatoa kwenye mgodi. Simioni akauliza mzigo wenyewe una kilo ngapi. Nikaingia ndani nikaleta punje moja ya ulezi, nikamwekea kiganjani. Nikamwambia aikate vipande mpaka asione kitu tena, na hicho asichokiona ndicho Wegesa alichopata. Alitazama kiganja, akanitazama mimi, akauliza kama umekaa Ulaya miaka yote hiyo kwa ajili ya hicho. Felix alicheka mpaka akatoka nje.

Lakini ulikuwa umeeleza vizuri, nami nikasoma polepole. Kwamba kuna nyota zenye mkia, ambazo si nyota kweli bali ni mabonge ya barafu na vumbi yaliyobaki tangu zamani za kuumbwa kwa dunia. Kwamba zinazunguka huko mbali, na zikisogea karibu na jua zinamwaga vumbi njiani. Nikawaambia ni kama lori la mchanga lisilofunikwa turubai, likipita kutoka Sirari mpaka Musoma, mchanga wote unabaki barabarani. Hapo waliniona msomi.

Nikawasomea pia kwamba vumbi hilo linashuka juu ya dunia nzima kila siku, hata kwenye mabati yetu, ila huku kwetu linachanganyika na uchafu mwingine. Ndiyo maana ninyi mnalifuata kwenye theluji safi kule mwisho wa dunia kusini, mnaiyeyusha na kuchuja, na humo ndimo mlimoipata chembe yenu. Nilimwona Felix akiangalia juu ya bati kwa jicho la biashara. Nilimwambia akipanda huko atashuka na mguu uliovunjika, na madini hana.

Bibi yako alisikiliza yote. Alikuwa ameshika ile picha, hiyo chembe mliyoikuza ikaonekana kama kiazi kilichoungua. Hakuwa na haja na kilo wala turubai. Alikuwa anangoja nifike kwenye jina.

Hapa nikukumbushe kidogo, maana mengine yalitokea ukiwa mdogo na mengine hatukukuambia. Baba yako Heche alipokwenda machimboni ulikuwa hujaanza shule. Alikuwa mtu wa kusikia baridi, kaka yangu huyo, baridi ya kuchekesha. Lile koti lake la kaki alilivaa hata jua la kiangazi likiwa utosini, tukawa tunamuuliza kama amemeza barafu. Siku ile alilivua akaliacha juu, mdomoni mwa shimo, kwa sababu chini kulikuwa na joto. Mvua ikanyesha, shimo likatitia. Wenzake walichimba mpaka wakakata tamaa, mikono imechubuka. Walichotuletea nyumbani ni koti.

Wazee wakaamua lizikwe hilo koti. Ndilo liko pale nyuma ya nyumba, karibu na minyaa. Tangu siku hiyo bibi yako hajawahi kupaita kaburi. Anasema tu, pale kwenye koti.

Na jina lake unajua lilivyotusumbua. Kwetu mtoto akizaliwa akalia asinyamaze, wanawake wa nyumba wanamwitia majina ya waliotangulia, moja moja, na jina atakalonyamaza nalo ndilo lake. Aliyetajwa amekubali kuja kwake. Tangu Heche aondoke, kila mtoto wa kiume aliyelia katika nyumba yetu ameitiwa jina hilo, na kila mmoja amelikataa. Wangu wa kiume wote wawili walilikataa. Mwaka huu mke wa Felix alijifungua, mtoto akalia siku tatu. Bibi yako akaanza na Heche. Aliita mpaka sauti ikamkauka, mtoto analia tu. Alipotajwa Werema, kimya kabisa, akalala. Basi anaitwa Werema, mnene, mashavu kama maandazi, Mungu amkuze.

Tulifurahi, lakini siku ile bibi yako hakula. Aliniambia jambo ambalo nimelibeba peke yangu tangu wakati huo. Anaogopa kufa kabla Heche hajapata pa kufikia. Anasema mwanawe hajui njia ya kurudi, kwa sababu tulizika nguo tukamwacha mwenyewe huko. Nilimwambia asiseme hivyo. 

Kwa hiyo barua yako ilipouliza kama hayo madini yaitwe hecheiti, kwa jina la baba yako, hukujua umeweka kidole kwenye kidonda gani. Niliwasomea ulivyoeleza: kwamba anayegundua haruhusiwi kuyapa jina lake mwenyewe, kwamba mwalimu wako amekuachia wewe uchague, na kwamba kamati ya dunia inayopitisha majina ya madini inataka jibu kabla ya Krismasi. Nikakunja karatasi. Simioni akakohoa.

Simioni akasema hapana. Usimkasirikie, hakusema kwa ubaya. Alisema jina la mtu haliwekwi kwenye jiwe. Ardhi ndiyo ilimmeza ndugu yake, leo tuchukue jina lake tulipe jiwe, si ni kumzika mara ya pili? Na likishaandikwa kwenye vitabu vya dunia nzima kwamba Heche ni jiwe, mtoto gani atalitaka tena? Halafu akamalizia hivi. "Mtoto analia, tunamwita, ananyamaza, tunajua amekubali. Jiwe halilii. Tutajuaje kama Heche mwenyewe ametaka?"

Mimi nilichemka. Unanijua. Nilimwambia wewe uko huko kwenye baridi unamtafutia baba yako pa kukaa, na yeye anamfungia mlango akiwa amekaa kwenye kigoda. Nilimwambia na mengine ambayo siyaandiki, maana leo ni Jumapili na nimetoka kanisani. Akaniambia ninyamaze, yeye ndiye mkubwa. Nikamwambia majina huitwa na wanawake, kama ni kunyamaza anyamaze yeye. Mke wa Felix akamchukua mtoto akaondoka pale. Mimi nikaenda jikoni nikasonga ugali kwa hasira mpaka mwiko ukakatika. Ule mwiko mkubwa wa bibi yako. Hajanisamehe.

Lakini moyoni nilijua kama Simioni atasimama hapo, basi imekwisha. Wanawake ndio wanaoita, ni kweli, ila jina halitoki nje ya nyumba bila mkubwa wa nyumba kukubali, na bibi yako hawezi kumvunjia mwanawe heshima mbele ya watu. Nilianza kupanga kichwani jinsi nitakavyokuandikia kwamba wamekataa. Kila nilichopanga kilikuwa kibaya. Nilikuwa naiona sura yako ukisoma.

Tulikula. Tulipokwisha kunawa, bibi yako akasema nimsomee tena. Si yote, alitaka ile sehemu ya kwa nini mlichukua muda mrefu. Nikaitafuta. Nakuandikia maneno yako mwenyewe, usije ukasema shangazi ameongeza chumvi: "Kilichotuchelewesha ni kuitambua. Tuliilinganisha chembe hii na madini yote yanayojulikana duniani, zaidi ya elfu sita. Kila tulipodhani tumepata jina lake, vipimo vilikataa. Tukajaribu lingine, vikakataa. Imekuwa hivyo miaka minne."

Akasema nirudie. Nikarudia. Akauliza mliiita majina mangapi. Nikamwambia elfu sita na zaidi, Mama. Akauliza, na yote ikayakataa? Nikamwambia yote.

Bibi yako akailaza ile picha kwenye mapaja yake, akamgeukia Simioni. Alisema taratibu, kwa lugha ya nyumbani, mimi nakuandikia kwa Kiswahili: "Mura, kijana wangu, unasema halilii. Mtoto anayeitwa majina elfu sita akayakataa yote, anafanya nini kama halii?"

Wegesa, Simioni aliinama kuitazama ile picha.  Bibi yako akaendelea, wala hakupandisha sauti. Alisema watu wa huko wamemwita majina yao yote miaka minne, hakunyamaza, kwa sababu hawakumjua. Akasema, na ni nani aliyekuwa amemshika muda wote huo? Ni binti yake. Ametoka huko alikotoka, ameanguka kwenye barafu mwisho wa dunia, na bado ameingia mikononi mwa binti yake. Sasa huyo binti anaomba jina moja tu, na sisi tunabishana naye.

Simioni akainuka akatoka. Nikasema haya, imeharibika kabisa. Kumbe alikuwa amekwenda kule nyuma, kwenye koti. Alikaa huko mpaka ng'ombe wakarudi. Alipoingia macho yalikuwa mekundu, akasema ni moshi. Moshi gani, na jiko lilizimwa mchana! Lakini nilimezea, nikamsogezea maji ya kunywa. Akanywa yote, akasema, "Aitwe. Ila aitwe kwa utaratibu, asiandikwe tu kama jina la mbwa."

Kwa hiyo jibu ni ndiyo, mwanangu. Wamekubali wote, na wamekubali kwa moyo. Sasa usikilize utaratibu, na usifanye haraka haraka kama unavyochemsha chai.

Jina huitwa na mwanamke wa nyumba. Huko mwanamke wa nyumba ni wewe peke yako, hivyo bibi yako amekupa kazi yake. Kabla hujapeleka karatasi kwa hao wa kamati, iweke hiyo chembe pale unapoitazamia kila siku. Wenzako wakiwepo usione aibu, waambie ni mambo ya kwenu. Uite kwa sauti, kwa lugha ya nyumbani. Anza na Daudi, baba wa babu yako, halafu babu yako Zablon, wasije wakasema wamerukwa. Ndipo useme Heche. Ukishasema Heche, nyamaza, usikilize. Bibi yako anasema utajua. Nilimuuliza utajuaje, akanijibu kwamba mimi nimelea wanne na bado nauliza maswali ya namna hiyo.

Ile hofu ya Simioni, kwamba sasa hakuna mtoto atakayelikubali jina, bibi yako hana nayo. Anasema mtu asiye na nyumba hawezi kutembelea watu. Heche akipata pa kukaa, hata kama ni kwenye kichupa cha Ujerumani, siku moja ataweza kufunga safari kuja kuona wajukuu. Na wewe ukijaliwa mtoto, huna deni la jina. Bibi yako amesisitiza hilo niliandike. Usizae kwa ajili ya jina la mtu, zaa kwa ajili yako.

Simioni naye amebadilika, ungemwona ungecheka. Anazunguka kijiji kizima akieleza nyota zenye mkia na lori lisilo na turubai, kana kwamba alisoma yeye. Juzi kwenye mnada wa ng'ombe mtu alimuuliza hayo madini ya binti yenu bei yake ikoje. Akamjibu kwamba ndugu yake hauzwi, akaondoka zake. Felix ndiye aliyenisimulia, na alisema baba yake alitembea wima siku nzima.

Mimi nina langu moja dogo la kukuambia. Wazazi wengi hupenda nidarizi jina la mtoto kwenye kola ya shati la shule, wasiibiane. Miaka yote hii nimedarizi majina ya watoto wa watu, na kila likija la Heche, Heche wa nyumba nyingine, moyo ulikuwa unanichoma. Nilikuwa nalishona haraka niliweke pembeni. Wiki iliyopita likaja moja. Nililishona polepole, kwa uzi mzuri wa bluu, nikalitazama. Nilifurahi tu, Wegesa. Ni kwa sababu yako, na ndiyo maana nimesema asante mwanzoni na nasema tena hapa. Umetutoa mahali ambapo tulikuwa tumekaa muda mrefu mno.

Mke wa Felix anakusalimu sana, na Felix anaomba picha nyingine kubwa zaidi ya kubandika ukutani. Mtoto Werema bado hajui salamu ila anajua kutema uji. Zuleha anakusalimu na kukuombea dua. Nilipomweleza habari yenyewe ilivyo, aliniambia hili ni kubwa kuliko mgodi, akarudi kwake, akaniletea kalimati nyingine. Baba yako mkubwa anasema ufanye kazi kwa bidii na usisaini kitu, hilo la pili limemkaa tu mdomoni. Msalimie mwalimu wako, umwambie Sarah wa Tarime anamshukuru kwa kukuachia wewe uchague. Ana moyo wa mzazi, na akija huku atachinjiwa mbuzi.

Mungu akufunike kifua chako na akili yako, asimamie kazi ya mikono yako, akurudishe kwetu salama, umenenepa.

Ni mimi shangazi yako ninayekupenda mvua na kiangazi,

Sarah

N.B. Nilikuwa nimeshafunga bahasha, bibi yako akapiga simu, hiyo hiyo simu asiyoiamini, akasema niifungue niongeze hili. Anauliza hapo mnapomweka Heche usiku pana baridi? Anaomba umtafutie mahali penye joto. Unajua alivyokuwa, na koti lake liko huku.